Harusi Bila Sauti

Siku Reveriani alipoondoka hakuniaga, kwa sababu alikuwa anarudi.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Alikuwa na harusi ya kupiga video Urambo, ya binti wa mkulima mmoja wa tumbaku aliyetaka kila kitu kinaswe, hadi ng'ombe wa mahari. Mimi nilikuwa sebuleni nabandika lebo kwenye chupa za asali. Yeye alikuwa anafunga kamera na laptop kwenye nailoni huku akitafuta soksi ya pili.

"Conso, eksteno naiacha," alisema.

Eksteno ni diski ya nje, kiboksi cheusi kidogo kuliko kitabu cha sala, ambacho wapiga video huhifadhia kazi zao. Ndani ya ile ya Reveriani mlikuwa na harusi zote alizopiga tangu alipoanza kazi, na ya kwetu pia.

"Mbona unaiacha?"

"Nailoni zimeisha. Hiyo ikilowa nimekwisha."

"Na wewe ukilowa?"

"Mimi nitakauka."

Akatoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka nje, ikakohoa, ikaenda.

Hakufika Urambo. Nitalisema kwa kifupi, maana nimeshalisema sana kwa watu waliokuja kunipa pole: barabara iliteleza, na pikipiki ikaingia chini ya lori lililokuwa limesimama. Kamera ilirudi na ufa. Laptop ilirudi vipande. Yeye tulimzika Ulyankulu, kwao, mvua ikiwa bado inanyesha.

Eksteno ilibaki mezani pale pale alipoiweka.

Mwanzoni sikuigusa. Nilikuwa na kazi ya kulia, na kulia ni kazi, inachosha mgongo. Kisha mvua zikaisha, watu wakapungua mlangoni, na siku moja nikiwa naosha chupa niligundua kwamba sauti yake imeanza kuniponyoka. Sura sikuisahau. Alama ya moto aliyokuwa nayo mkononi sikuisahau. Lakini nilipojaribu kumsikia akisema "mimi nitakauka", maneno yalikuja kwa sauti yangu mwenyewe.

Hakuwa mtu wa kurekodi sauti kwenye simu. Aliandika ujumbe mfupi kama wa posta: "Nimefika. Umekula?" Na picha zake hazikuwepo, kwa sababu mpiga picha huwa hayumo kwenye picha. Lakini kwenye video zake alikuwemo kwa sauti, nyuma ya kamera, akiwaamuru maharusi wa watu: bibi harusi geuka kidogo, bwana harusi cheka basi, hukuletwa polisi. Sauti yake yote ilikuwa ndani ya kile kiboksi.

Nikakichomeka kwenye kompyuta yetu ya mezani, ile ninayochapishia lebo za asali. Taa yake ikawaka. Nikashika kifua. Kisha kwenye kioo kikatokea kidirisha kidogo kinachosema kwamba diski hii haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe kwanza. Chini yake palikuwa na vitufe viwili tu, kufomati au kughairi. Kufomati maana yake ni kufuta kila kitu.

Nilighairi. Kesho yake nikachomeka tena, nikaambiwa hivyo hivyo, nikaghairi. Fundi mmoja mjini aliniambia nikubali tu, halafu atajaribu kuvirudisha vilivyofutwa, kwa bahati. Nikachukua kiboksi changu nikarudi nacho nyumbani nimekikumbatia chini ya kanga kama mtoto aliyekataliwa hospitali.

*

Mama mkwe wangu, Rustika, alikuja kutoka Ulyankulu na kapu la karanga na jambo moja moyoni.

"Mukazana," aliniita, ndivyo Warundi wanavyomwita mke wa mwana, "nimekuja kutafuta siku."

Nilijua siku gani. Kwao, msiba hauishi wenyewe. Huwa unamalizwa, na siku ya kuumaliza inaitwa kuganduka. Kunakuwa na misa, kunakuwa na chakula na pombe, na ndugu wote wanakuja. Kabla ya siku hiyo nyumba ya marehemu haiimbi, haichezi, haisikii vigelegele, na mjane haulizwi habari ya mume mwingine. Baada ya siku hiyo vyote vinafunguliwa.

Ndiyo maana sikuitaka. Nilisema tusubiri mvua ziishe. Zikaisha. Nikasema tusubiri watu wauze tumbaku. Ikauzwa.

"Sasa tunasubiri nini?" aliuliza. "Mimi ni mama, nimemzaa, lakini siku haiwekwi bila neno la mjane. Umenifunga kamba, mwanangu. Na mimi nimezeeka, nataka kuimba."

"Bado kidogo, mama."

"Kidogo hicho kina urefu gani?"

Hata kaka yangu Kasimiri, anayefuga nyuki Ipole, alikuwa upande wake kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa ameipinga ndoa yetu mwaka mzima, eti watu wa Ulyankulu ni wakimbizi wa Burundi, hatuwajui babu zao. Sasa alikuwa akinipigia simu kila akituma asali.

"Malizeni huo msiba ili wewe urudi nyumbani," alikuwa akisema. "Tangu lini wewe umekuwa Mrundi kuliko Warundi?"

"Nina biashara yangu hapa, kaka."

"Asali ni yangu."

"Chupa ni zangu."

Hapo alikuwa akikata simu.

Aliyebaki wa kunifungulia eksteno ni Eliya.

Eliya alikuwa rafiki wa Reveriani tangu shule, na siku ya harusi yetu alisimama upande wa bwana harusi. Ana duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta Isevya, hapa hapa Tabora mjini. Zamani alikuwa haishi kuja nyumbani kwetu. Baada ya mazishi hakukanyaga tena. Kila Jumapili alinitumia ujumbe, "Shemeji umeamkaje", na mimi nilijibu "salama", na tuliishia hapo. Niliona ni aibu kumwita. Mjane kumwita mwanaume nyumbani ni neno zito hata kama ni kwa ajili ya kiboksi. Lakini sasa mama mkwe alikuwepo, angekaa nasi.

Nilimwandikia: "Shemeji, nina eksteno ya Reve inakataa kufunguka."

Alijibu kabla sijaiweka simu chini. "Usibonyeze kitu. Nakuja kesho mchana."

*

Alikuja amevaa shati la kijivu lililonyooshwa mpaka mikono ilikuwa na makali. Alivua viatu mlangoni, akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe Eliya? Umekonda. Huna mtu wa kukupikia?"

"Najipikia, mama."

"Naona," alisema Rustika, akavuta kigoda chake akakiweka katikati ya mlango na meza ya kompyuta, kapu la karanga magotini. Kutoka pale aliweza kuona kioo, mikono ya Eliya, na uso wangu. Alichagua vizuri.

"Shemeji," Eliya alisema bila kuniangalia.

"Shemeji. Karibu. Pole na jua."

"Limeshapoa. Iko wapi?"

Nilimpa. Aliipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuichomeka aliigeuza, akaangalia kona zake, akaiweka sikioni, akaitikisa polepole.

"Imewahi kuanguka?"

"Hapana. Iko hapo mezani tangu siku ile."

"Vizuri. Sasa tunyamaze kidogo."

Akaichomeka, akaweka sikio juu yake. Chumba kizima kilinyamaza, hata karanga. Nikaona jinsi kope zake zilivyoshuka alipokuwa anasikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu anayemjua. Niliangalia pembeni.

"Inazunguka vizuri," alisema. "Ingekuwa inagonga, ko ko ko, ningekuambia tukae tulie wote. Haigongi."

"Kwa hiyo nzima?"

"Sijasema. Moyo unadunda, ndicho ninachojua."

Kile kidirisha kikatokea. Rustika akanyoosha shingo.

"Hicho kinasema nini?"

"Kinataka ruhusa ya kuifomati, mama," Eliya alijibu.

"Kwa Kiswahili."

"Kinataka kufuta kila kitu kilichomo, kisha ndipo kitufungulie."

"Kitufungulie nini, kama kimeshafuta?"

"Hamtakuwa na kitu ndani."

"Mshenzi huyu!" alisema Rustika. "Mwambie hapana."

"Conso amekuwa akimwambia hapana wiki nyingi," Eliya alisema, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Hakuniita shemeji. Labda hakugundua. Mimi niligundua, na mama mkwe aligundua, maana karanga moja ilipasuka kwa nguvu kuliko nyingine.

Alibadilisha waya kwa waya aliokuja nao. Kidirisha kikarudi. Akaiinamia kompyuta nyuma, kwenye vumbi, akaichomeka eksteno kwenye matundu ya nyuma, akisema ya mbele wakati mwingine hayatoi umeme wa kutosha. Kidirisha kikarudi. Akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Tulikaa tukisubiri iamke, na ile ya kwetu inaamka kama mzee.

"Duka linaendaje?" nilimwuliza, ili kuwe na sauti.

"Linaenda. Wanafunzi wanachapa, wanakopa, wanakimbia."

"Ulipotea."

Alikuwa anafuta vumbi kwenye vidole. Aliendelea kufuta hata vumbi lilipokwisha.

"Sikupotea, shemeji. Nilikuwa Isevya."

"Isevya si Dodoma."

"Ndiyo. Ni karibu mno."

Kompyuta ikaniokoa, ikawaka, na kidirisha kikarudi.

"Yoo!" alisema Rustika. "Ana kiburi huyu."

Eliya akafungua ukurasa mwingine ambao sikuwahi kuuona, unaoonyesha diski zote zilizounganishwa kwenye kompyuta. Akasogea karibu na kioo. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Njoo uone, Conso... shemeji. Hii hapa ndiyo ya Reve. Kompyuta inaiona. Ukubwa wake uko sawa, na inasema ni nzima. Ila haina jina, wala kompyuta haijui imeandikwa kwa mtindo gani. Diski iliyokufa haionekani hivi." Akakuna kidevu. "Nilidhani ni waya. Kisha nikadhani ni umeme. Nilikosea yote mawili. Reve alikuwa anafanyia kazi kwenye kompyuta hii?"

"Hii ni ya lebo. Yeye alikuwa na laptop yake, ile aliyonunua kwa mtu wa Mwanza. Ile ya rangi ya fedha, yenye tufaha lililong'atwa mgongoni."

Eliya akacheka, kicheko kidogo cha puani, akajipiga paji la uso.

"Tufaha! Kwa nini sikuuliza kwanza? Aliifomati kwa ajili ya ile. Zile zina namna yake ya kuandika kwenye diski, na hii yenu haijui kuisoma. Haioni ni maandishi, inaona ni uchafu, ndiyo maana inataka kuufagia."

"Kwa hiyo havijafutika?"

"Viko vyote. Muda wote vilikuwepo."

Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo, nilikaa sakafuni. Rustika alinyoosha mguu wake mpaka ncha ya ndala ikanigusa goti, akauacha hapo.

Eliya alikuwa na programu kwenye flashi yake, inayoifundisha kompyuta ya kawaida kuisoma diski ya namna ile. Kusoma tu, alisema, haiwezi kuandika wala kufuta, hata mtu akikosea. Aliiweka. Mistari ya kijani ikasogea. Akatoa eksteno, akairudisha. Kidirisha hakikutokea. Badala yake likafunguka dirisha jeupe lililojaa majina ya watu wawili wawili: Wilbroad na Stela. Yoramu na Marcelina. Harusi juu ya harusi, za Tabora, za Urambo, za Isikizya. Juu ya zote palikuwa na jina langu na lake.

"Fungua yoyote," nilisema. "Eliya, fungua, nimsikie."

"Hapana," alisema Rustika.

Mkono wa Eliya ukasimama hewani.

"Mama?"

"Hizo si harusi?"

"Ni harusi, lakini ndimo alimo. Sauti yake imo humo, nyuma ya watu."

"Na vigelegele vimo. Na ngoma zimo. Mukazana, nyumba hii ina msiba, na wewe ndiye hujataka uishe. Nimekuomba siku, umenikatalia. Leo unataka harusi ilie ndani ya nyumba ambayo mwanangu hajagandukiwa?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kama angepandisha. "Mimi pia nataka kumsikia. Unadhani nimekuja na karanga tu?"

"Kuna spika za masikioni, mama," Eliya alisema kwa upole. "Mnaweza kusikia ninyi wawili. Nyumba haitasikia."

"Mungu naye atakuwa amezivaa?"

Eliya akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nalia bila sauti, kwa hasira, maana alikuwa sahihi na nilijua. Nilikuwa nimeufunga mlango mwenyewe na nimeumeza ufunguo.

Rustika akanitazama muda mrefu.

"Macho sikuyakataza," alisema hatimaye. "Zima hicho cha sauti. Tumwone."

*

Eliya akaizima sauti kabisa, akatuonyesha alama yake iliyokatwa mstari. Kisha akauliza, "Ipi?" na mimi nikasema, "Ya kwetu," kwa sababu ndiyo peke yake ambayo Reveriani alikuwa mbele ya kamera. Siku ile aliyeishika kamera alikuwa Eliya. Asubuhi alisimama kando ya bwana harusi kanisani, na tulipotoka tu mlangoni Reveriani alimtupia kamera shingoni akasema leo wewe ndiye mimi.

Niliona mkono wa Eliya ukisita kwenye maus.

"Ile sikuipiga vizuri," alisema. "Nilikuwa najifunza."

"Fungua, mwanangu," Rustika alisema.

Ikafunguka. Nikajiona nje ya kanisa nimevaa shela. Nikajiona nacheka. Nikajiona nainua gauni nisilikanyage, napokea ua kwa mtoto, nafuta jasho la juu ya mdomo. Tulikuwa tumekwenda Kwihara kupiga picha kwenye lile tembe la kale, nyumba ya udongo ambayo sasa ni makumbusho, na hapo pia nilijiona, nimeegemea ukuta mwekundu, naangalia mbali. Nilikuwa nasubiri Reveriani atokee. Lilitokea bega lake. Ukatokea mkono wake kiunoni mwangu. Kiwiko kikapita. Kisha tena uso wangu, karibu, karibu zaidi, upepo ukiwa unacheza na shela na kamera ikiufuata upepo ule kwa subira kama haikuwa na pengine pa kwenda.

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Sikuthubutu kugeuka.

Rustika aliacha kumenya karanga.

"Mbona mwanangu haonekani?"

Akasogeza kigoda karibu na kioo.

"Bwana harusi amekuwa kiwiko," alisema. "Nimezaa kiwiko? Mpiga picha huyu, Eliya, hakuwa na haja na bwana harusi."

"Nilikuwa najifunza, mama," Eliya alirudia. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Umejifunza kitu kimoja tu, lakini umekijua."

Eliya alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeketishwa mbele ya wazee. Jasho lilikuwa linashuka kwenye shavu lake na hakulifuta. Pale kwenye kioo harusi yangu iliendelea kimya, na kila kitu ambacho hakuwahi kukisema kilikuwa kinapita mbele yetu watatu, kinang'aa, kina tarehe kwenye kona.

"Nikiondoka sasa," alisema, "mtaweza kuendelea wenyewe. Kitufe ni hiki."

"Kaa," alisema Rustika. "Hakuna aliyekufukuza. Ulikuja kutengeneza, bado hujamaliza."

Akakaa. Na wakati huo huo, kwenye kioo, Reveriani alikuja.

Alitoka nyuma yangu, akakunja uso kwenye jua, akaja moja kwa moja kwenye kamera. Bila shaka alikuwa anakuja kumsahihisha mwanafunzi wake. Uso wake ukajaa kioo kizima. Lile pengo dogo la meno. Jasho kwenye nyusi. Alikuwa anaangalia juu kidogo ya kamera, anamwangalia aliyeishika, na alikuwa anaongea. Midomo yake ilisema kitu kirefu, akatabasamu, akageuka akaniangalia kule ukutani nilikokuwa, akarudi, akamalizia neno. Kisha mkono wake ukaja na picha ikawa giza.

"Rudisha," nilisema.

Eliya akarudisha. Akaja tena, akaongea tena, akageuka tena kunitazama. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Sikuweza kusoma neno hata moja.

"Alisema nini?"

Eliya akaondoa mkono kwenye maus.

"Eliya, ulikuwa hapo. Alikuwa anaongea na wewe. Alisema nini?"

"Nakumbuka," alisema. Alikuwa amenigeukia sasa, na hakuyakwepesha macho tena, maana hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuficha. "Neno kwa neno nalikumbuka. Lakini nikikuambia mimi, utalisikia kwa sauti yangu. Halafu litabaki hivyo. Sitaki kumfanyia hivyo Reve. Wala wewe."

Kidole changu kilikuwa karibu na kile kitufe cha sauti. Kubonyeza mara moja tu, basi. Mama mkwe alikuwa ameyafumba macho yake, na nikajua kwamba ningebonyeza asingenizuia. Angesikiliza na mimi, na asingenisamehe, na asingejisamehe. Mtu aliyenipenda siku zile zote alikuwa kulia kwangu, amenyamaza. Mtu niliyempenda alikuwa mbele yangu, midomo wazi, amenyamaza. Na wote wawili walikuwa wananisubiri mimi.

Niliondoa mkono.

"Mama," nilisema. "Wekeni siku."

Rustika hakufumbua macho mara moja. Alianza kutikisika mabega, taratibu, na ndipo nikaona kwamba tangu tumzike mwanawe sikuwahi kumwona akilia. Nilimwendea nikamshika kichwa. Karanga zilimwagika zote. Eliya alipiga magoti akaanza kuziokota moja moja, ili awe na kitu cha kuangalia.

"Mtama wa pombe nitaleta mwenyewe," Rustika alisema akiwa kifuani kwangu. "Wa hapa mjini hauchachi vizuri."

"Sawa mama."

"Na wewe, fundi."

"Naam, mama."

"Siku hiyo uje na spika kubwa. Mimi masikio yangu si ya ujana."

"Nitakuja nayo."

"Baada ya hapo utakaa nyumbani kwako Isevya mpaka uitwe. Usipoitwa, utaendelea kukaa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Eliya aliitoa eksteno kwa utaratibu, akisubiri kompyuta imruhusu kwanza, akanikabidhi. Vidole vyetu havikugusana, alihakikisha hilo. Nilimsindikiza hadi mlangoni, si zaidi, na aliinama kuvaa viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vile vinavyohitaji.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," nilisema.

Akaenda. Sikusimama kumtazama. Nilirudi ndani nikafuta ukungu kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kanga, halafu nikampigia simu Kasimiri nikamwambia atume asali ya kutosha watu wengi. Aliuliza kuna nini. Nilipomwambia, akasema atakuja mwenyewe, na kwamba shemeji yake alikuwa mtu mzuri. Hakuwahi kumwita shemeji alipokuwa hai.

Hayo yalitokea juzi. Jana Rustika alikwenda Ulyankulu akarudi na gunia dogo begani mwa mwendesha pikipiki. Padri ametupa Jumamosi ya wiki ijayo, misa ya saa nne asubuhi. Mtama umeshalowekwa.